Kapasita ya AC ya nje: jinsi ya kuipima, kuitoa na kuweka mpya bila kupigwa na stima

Malalamiko huwa ni yale yale, hasa kuanzia Januari mpaka Machi jua la Nairobi likichapa. AC inawaka, ile ya ndani inapuliza vizuri tu, lakini hewa yenyewe ni ya kawaida, haina baridi. Ukitoka kwa balkoni kusikiliza yuniti ya nje unasikia inanguruma mmmm sekunde chache, alafu tak, inanyamaza, na baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Unaita fundi, anaiangalia kwa mbali, anakuambia gesi imeisha, ama kompresa (ile pampu ya kusukuma gesi ndani ya yuniti ya nje) imekufa, na hapo bei inaanza kupanda ngazi. Sisemi mafundi wote wako hivyo, kuna wazuri sana hii mji, lakini shika hii moja: gesi ikipungua kompresa bado inazunguka, ni baridi ndio inakosekana na pengine paipu inashika barafu. Kompresa inayonguruma na kukata inataka kuanza na haiwezi, na kabla mtu akuuzie kompresa mpya lazima kwanza kapasita ipimwe.

Kapasita ni ile mkebe wa alumini wa mviringo, saizi ya kopo dogo, imefungwa na mkanda wa chuma ndani ya yuniti ya nje. Stima ya nyumbani kwetu ni fezi moja, volti 240, Hz 50, na mota ya fezi moja pekee yake haijui ianze kuzunguka upande gani, so inapewa koili ya pili na kapasita inasogeza mkondo wa hiyo koili mbele kidogo ndio mzunguko upatikane. Na haifanyi kazi wakati wa kuanza peke yake, inabaki hapo muda wote kompresa ikizunguka. Ndio maana inachoka.

Kuibadilisha yenyewe ni kazi ya dakika chache. Akili yote iko kwa vitu viwili: kuhakikisha stima imekufa kabisa, na kupima kabla ya kununua. Ukisoma hapa ukaona hizo mbili huziwezi, hakuna aibu, ita fundi lakini sasa utakuwa unajua umuulize nini.

Kwanza angalia kama hii kazi ni yako

AC yako ni ya inveta ama ni ile ya kawaida? Siku hizi nyingi zinazouzwa ni inveta, na imeandikwa hapo mbele kubwa kubwa. Kama ni inveta achana na hii mwongozo. Kompresa yake haitumii kapasita ya aina hii, inaendeshwa na bodi, na kwa hiyo bodi kuna kapasita zingine kubwa zinazoshika zaidi ya volti 300 za DC hata baada ya kuzima. Hizo hazichezewi na mtu wa kujifunza Jumamosi. Kama hujui ni ipi, ukifungua ukipata bodi kubwa yenye bamba la alumini la meno meno na huoni mkebe wa mviringo, funga tena.

Pili, yuniti yenyewe iko wapi. Kama iko kwa balkoni, kwa veranda ama juu ya slabu ya ruufu mahali unasimama vizuri, sawa. Kama imening'inizwa kwa breketi nje ya ukuta ghorofa ya nne huko Kilimani na ya kuifikia ni kutoa mwili nusu kwa dirisha, hapana. Kapasita haina thamani ya kuanguka. Hiyo ni kazi ya watu wenye kamba na mishipi.

Tatu, warantii na landilodi. Ukifungua yuniti ambayo bado iko na warantii, kuna uwezekano mkubwa umeipoteza. Na kama nyumba ni ya kukodi na AC ulikuta, ongea na mwenye nyumba kwanza, pengine hata gharama ni yake.

Alafu ondoa vitu vya kijinga kwanza. Chujio za ndani zimejaa vumbi? Remoti iko kwa alama ya barafu ama iko kwa feni? Na hii inachekesha lakini hutokea sana: mtu Julai ameweka 24, nyumba yenyewe iko 20 ju ya baridi ya Nairobi, alafu anateta ati yuniti ya nje haiwaki. Haiwezi kuwaka, imeshaona kazi imeisha. Weka 16 wakati wa kujaribu, subiri dakika tano, ndio uanze kuamini kuna shida.

Dalili zinazoelekeza kwa kapasita ni hizi. Kompresa inanguruma na kukata lakini feni ya nje inazunguka, hapo ni kapasita ya kompresa. Kompresa inafanya kazi lakini feni ya nje imesimama ama inazunguka polepole, hapo ni ile ndogo ya feni, na usiiache iendelee hivyo ju joto halitoki na kompresa itaumia. Vyote viwili vimelala na kuna mnguruma, labda yako inatumia kapasita moja ya kazi mbili imekufa yote. Na kama hakuna mnguruma wowote, kimya kabisa, hapo kapasita sio mshukiwa wa kwanza, anza na breka, aisoleta (swichi ya kukata stima iliyo karibu na yuniti), waya kati ya ndani na nje, ama bodi ya ndani haitumi stima. Kuna watu wanaingiza kijiti kwa wavu kusukuma feni waone kama itaanza. Inaonyesha ukweli, ni kweli, lakini stima iko ndani na feni ikishika hiyo kijiti inaruka kwa uso. Mita inakupa jibu hilo hilo bila drama.

Vifaa

Mita ya dijitali yenye sehemu ya kupima kapasita, na hakikisha inafika angalau mikrofaradi 100 (µF, kipimo cha ukubwa wa kapasita), kuna zingine za bei rahisi zinaishia 20 na hazitakusaidia. Luthuli Avenue na River Road zimejaa hizo. Bisibisi ya nyota na ya bapa zenye mpini wa plastiki mzima, plaizi yenye mpini wa raba, spana ndogo ama soketi ya milimita 8 (yuniti nyingi zina skrubu ya kichwa hicho), resista (kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo) ya omu 15,000 mpaka 20,000 yenye wati 5, teipu nyeusi, na simu ya kupiga picha. Viatu vya soli ya raba. Vua pete, saa na cheni. Glavu za kazi zitakusaidia ju mabati ya ndani ya yuniti na zile fini za nyuma (vibati vyembamba vya kutoa joto) zinakata kama wembe, lakini usidhani glavu za kitambaa zinazuia stima.

Kuzima, na hapa usiharakishe

Kuzima na remoti sio kuzima. Kwa AC nyingi ndogo waya wa stima unaweza kuwa hai nje hata kama ndani kumenyamaza, inategemea mtu aliyefunga. Enda kwa boksi la breka, zima ile ya AC, alafu zima pia aisoleta iliyo karibu na yuniti kama iko. Weka teipu juu ya breka, andika kikaratasi USIWASHE, na uwaambie watu wote wa nyumba kwa mdomo, pamoja na dada wa kazi na watoto, ju mtu akisikia joto kitu ya kwanza anafanya ni kuenda kwa boksi. Kwa ploti ambayo breka ziko chini kwa korido ya wote, mwambie keateka pia, ama mtu wako asimame hapo.

Kuna watu hungoja stima ipotee ndio wafanye kazi ati itakuwa salama. Hapana kabisa. Stima hurudi bila hodi, na kwa nyumba nyingi za Westlands na Kilimani jenereta inaingia yenyewe baada ya sekunde kadhaa. Kama nyumba yako iko na sola ama inveta ya betri, hakikisha saketi ya AC haipewi chakula kutoka huko pia.

Na kuna hii ya waya kubadilishwa. Breka ya kawaida ya upande mmoja inakata waya mmoja tu. Kama aliyefunga alichanganya laivu (waya unaoleta stima) na nyutro (wa kurudisha), breka imezima na bado laivu inakaa kwa yuniti inakungoja. Ndio maana breka kuwa chini sio ushahidi. Ushahidi ni mita.

Fungua sasa. Kwa yuniti nyingi unatoa kifuniko kidogo cha upande wa kulia mahali waya zinaingia, alafu kifuniko cha juu. Skrubu ndefu na fupi usichanganye, ziweke kwa kikombe vile zilikuwa zinafuatana. Kifuniko kitoe polepole, usiweke mkono ndani, na angalia kama kuna nyigu wamejenga, hii ni kitu ya kweli, yuniti iliyokaa bila kutumika msimu wa baridi wanaipenda sana. Mjusi aliyekauka kati ya pini pia ni kawaida.

Weka mita kwa volti za AC (kwa mita, AC ni aina ya stima ya nyumbani, sio ile mashine ya baridi). Kwanza ipime kwa soketi ya nyumba ambayo unajua iko na stima, uone 230 ama 240 hivi. Sasa pima kwa tamino bloki ya yuniti, pale waya zinafungwa na skrubu: laivu na nyutro, laivu na athi (waya wa ardhi), nyutro na athi, na ule waya wa ishara unaotoka ndani pia na athi. Zote ziwe sifuri ama karibu. Alafu rudi kwa ile soketi upime tena, ndio ujue mita haikufa katikati. Inaonekana ni kazi nyingi, ni dakika moja tu. Ile kalamu ya tester inayowaka taa usiitegemee peke yake hapa.

Kumwaga kapasita

Kapasita inaweza kubaki na chaji baada ya kila kitu kuzimwa, haswa kama ni mbovu ama imekatika waya ndani ya saketi. Wanaotumia bisibisi kuunganisha pini mbili paa! wanaona ni ujanja, lakini hiyo cheche inaharibu pini, inarusha vipande vya chuma vya moto kwa macho na inaweza kuua kapasita ambayo pengine ilikuwa nzima. Shika resista na plaizi ya mpini wa raba, gusisha miguu yake kwa pini mbili za kapasita, shikilia sekunde kumi. Kwa kapasita ya mikrofaradi 50 na resista ya omu 20,000 hiyo muda inatosha na inabaki. Usishike resista na vidole. Kama hujapata resista, balbu ya zamani ya waya ya wati 60 ama 100 kwenye holda yenye waya mbili inafanya kazi hiyo hiyo, itamulika kidogo alafu izime. Balbu ya LED haifai hapa, inaweza kuzima mapema na kuacha chaji ndani.

Kama ni kapasita ya kazi mbili, ina makundi matatu ya pini yameandikwa C (ya pamoja), HERM (ya kompresa) na FAN (ya feni). Mwaga C na HERM, C na FAN, alafu HERM na FAN. Ukimaliza weka mita kwa volti za DC upime hizo pini, ikionyesha chini ya volti moja mbili endelea. Ikionyesha zaidi, rudia.

Piga picha, toa, pima

Picha tatu nne kutoka pembe tofauti, waya zionekane rangi na zinaingia pini gani. Hata kama unaona ni waya mbili tu utakumbuka, piga. Kwa kapasita ya kawaida yenye makundi mawili ya pini hakuna chanya wala hasi, so ukigeuza kundi zima halina neno, shida ni ukichukua waya mmoja wa upande huu ukaupeleka upande ule. Kwa ile ya pini tatu ukichanganya HERM na FAN umetengeneza shida mpya.

Toa lagi, vile vichwa vya chuma vya waya vinavyoingia kwa pini, kwa kushika chuma chenyewe na plaizi, usivute waya. Ukiona lagi imeungua, imekuwa nyeusi ama inatoka bila kupingana, iweke akilini, tutairudia. Legeza skrubu ya mkanda, toa mkebe.

Angalia kwa macho. Juu panafaa kuwa bapa. Pakiwa pamevimba kama kofia, hiyo imekufa na hata huhitaji kupima, ju hizi zimetengenezwa makusudi hivyo, presha ya ndani ikipanda kifuniko kinainuka na kukata waya wa ndani ili isilipuke. Mafuta yanayotoka, kutu iliyokula chini, pini iliyoyeyuka, zote ni hukumu. Lakini kapasita inaweza kuonekana mpya na iwe mbovu, hii ndio inawapotezea watu wakati.

Kwa hivyo pima. Mita kwa alama ya kapasita, mdomo mmoja kila upande, waya zote zikiwa zimetoka. Linganisha na iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano 35 µF ±5%. Hiyo maanake ni inafaa isome kati ya 33.25 na 36.75. Ikisoma 28 hiyo ndio mwizi wako. Ikisoma 2 ama sifuri, imekwisha kitambo. Ikisoma 32 na kitu, iko nje kidogo, bado inaweza kuanzisha kompresa siku za baridi na kuanguka siku za joto, na mimi kwa sababu tayari nimefungua ningebadilisha. Ikisoma sawa kabisa usinunue kingine, shida iko mahali pengine.

Usisahau ile ndogo. AC nyingi za huku zina kapasita mbili, mkebe wa kompresa na kisanduku cheusi cha plastiki cha feni ya nje, cha mikrofaradi chache. Pima zote mbili ukiwa hapo hapo.

Kama kapasita iko sawa, ama hata kama ni mbovu na unataka uhakika kabla ya kutumia pesa, pima kompresa yenyewe. Ina pini tatu, C (ya pamoja), R (koili ya kuzungusha) na S (koili ya kuanzia), chini ya kifuniko kidogo juu yake. Toa waya, weka mita kwa omu. R kwa S ndio itakuwa kubwa kuliko zote, na inafaa iwe sawa na C kwa R ukijumlisha na C kwa S. Alafu kila pini na mwili wa chuma wa kompresa isome hakuna njia kabisa. Ikionyesha njia kwa mwili, kompresa imeshika athi na hiyo kweli ni habari mbaya. Lakini sikiza: kama C haisomi na yoyote ila R na S zinasomana, usilie bado. Kompresa iliyokuwa ikinguruma na kukata imepata moto, na kinga ya joto iliyo kwa upande wa C imefunguka. Iache ipoe, inaweza kuchukua masaa kadhaa, upime tena. Kompresa nzima zimetupwa ju ya mtu kupima ikiwa moto.

Kununua

Beba ile ya zamani mkononi uende nayo. Vitu vitatu lazima vifanane. Mikrofaradi ziwe zile zile, usikubali ya kuambiwa "hii kubwa kidogo ina nguvu zaidi boss", ju kubwa inapitisha mkondo mwingi kwa koili ya pili na kuipasha moto, na ndogo inafanya kompresa isumbuke kuanza. Volti ziwe 450 ama zile zilizoandikwa kwa ya zamani, zaidi ni sawa, chini hapana. Watu huuliza mbona 450 na stima ni 240, ni kwa sababu mota ikizunguka koili inazalisha volti zake zinazojumlika, na kapasita inaona zaidi sana ya 240. Tatu ni umbo, iingie kwa mkanda na isifike juu kugusa kifuniko cha bati.

Aina nayo: mkebe wa alumini huwa umeandikwa CBB65, ile ya kisanduku ya feni ni CBB61. Ya plastiki ya mviringo CBB60 ni ya pampu za maji na mashine za kufua, mtu atakupa ati mikrofaradi ni zile zile, usichukue kwa kompresa. Na ile nyeusi ya kuanzia mota, yenye mikrofaradi mia na kitu na volti 250, ukiiweka hapa itapasuka, ju imetengenezwa kukaa kwa saketi sekunde chache tu.

Soma ubavuni zaidi. Kuna herufi ya daraja la maisha: A ni masaa 30,000, B ni 10,000, C ni 3,000, D ni 1,000. Ukipata B shukuru, D iache hapo hapo dukani. Kuna pia nyuzi joto ya juu, 70 ama 85, ya 85 ni nzuri kwa yuniti inayopigwa na jua la mchana kwenye ruufu. Alafu S2 ama P2 inaonyesha iko na ile kinga ya kuvimba na kukata. Isiyo na maandishi yoyote ya hivi ila jina na mikrofaradi tu, nina mashaka nayo.

Feki ziko, hiyo si siri. Mkebe mkubwa ndani kuna kitu kidogo na imejazwa, ukiibeba unaisikia nyepesi kuliko ya zamani. Dawa ni kutembea na mita yako, pima mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Duka lisilokubali upime, enda la pili. Bei ulizia maduka mawili matatu, zinatofautiana sana, lakini kwa vyovyote haikaribii ya kompresa, na mtu akikutajia bei ya kukushtua ondoka.

Kuweka

Kabla ya kuweka mkono kwa yuniti pima tamino bloki tena na mita, hata kama ulienda dukani tu. Mtu anaweza kuwa amegusa.

Weka mkebe mahali pake, pini juu, kaza mkanda usicheze, ju kompresa inatikisa na mkebe unaotikisika unalegeza lagi. Lakini usikaze mpaka alumini iingie ndani. Ile lagi iliyoungua sasa ndio wakati wake: ikate, vua waya kidogo, bana lagi mpya yenye kifuniko cha plastiki inayostahimili joto. Lagi legevu inatoa moto, moto unaua kapasita, na mwezi ujao unarudi hapa ukilaumu duka. Zilizo nzima lakini legevu unaweza kuzibana kidogo na plaizi. Zinafaa kuingia kwa nguvu.

Rudisha waya kwa picha. Alafu linganisha tena na picha. Hakikisha waya hazigusi paipu ya shaba ya kompresa ile ya moto wala hazifiki feni, zifunge na kebo tai. Kama kuna kofia ya raba ya kufunika pini, irudishe, inazuia maji ya mvua na mijusi. Kama yuniti yako iko na kontakta (swichi inayovutwa na stima kuwasha kompresa), ikague, sisimizi wanapenda kuingia kati ya pointi zake wakaungua hapo wakawa uchafu unaozuia stima kupita.

Ukiwa ndani piga brashi vumbi kwa fini za nyuma, taratibu, zisilale. Joto lisilotoka ndio linaua hizi vitu mapema.

Kuwasha

Funga vifuniko kwanza. Usiwashe yuniti ikiwa wazi ati unataka kuona. Washa aisoleta, breka, alafu remoti, na subiri dakika tatu mpaka tano, AC nyingi zinachelewesha kompresa makusudi ili presha ya gesi ijisawazishe.

Inafaa ianze mara moja, mshtuko mfupi alafu mnguruma laini usiokata. Baada ya dakika kumi na tano pima joto la hewa inayoingia yuniti ya ndani na inayotoka, tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni ishara nzuri. Ikianza vizuri lakini baridi ni kidogo, hapo sasa unaweza kuita fundi wa gesi, na gesi usiiguse mwenyewe.

Wenye klampu mita (ile ya kubana waya kupima amp) na uzoefu wa kupima kitu kikiwa hai wanaweza kuhakikisha kapasita ikifanya kazi. Amp za waya unaoenda koili ya kuanzia, zidisha na 3183, gawa kwa volti kati ya pini za kapasita, unapata mikrofaradi. Mfano amp 3.85 na volti 350 inakupa 35. Ukiona video za Marekani wanazidisha na 2652, wao stima yao ni Hz 60, ukitumia hiyo namba huku kapasita nzima itaonekana mbovu. Kama hujawahi kupima kitu hai, ruka hii aya, mita ya mezani imeshakuambia yote.

Breka ikiruka pale pale unapowasha, usiirudishe mara ya pili na ya tatu. Zima, mwaga kapasita tena, linganisha waya na picha, pima kompresa na mwili. Ukipata zote ziko sawa na bado inaruka, ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, hiyo sasa inaweza kuwa waya za nyumba.

Na kapasita mpya ikifa baada ya wiki chache, usikimbilie kununua nyingine kama hiyo. Pima volti za nyumba jioni na usiku wa manane, kwa mtaa ambao stima inapanda sana usiku ama inarudi na kishindo kila ikipotea, weka AC gadi, kifaa cha kukata stima volti zikiwa mbaya, yenye kuchelewesha kurudisha. Angalia kama feni ya nje inazunguka kwa kasi yake na yuniti ina nafasi nyuma ya kupumua, kuna watu wamejenga kabati mbele ya yuniti kwa balkoni alafu wanashangaa. Pima amp za kompresa ulinganishe na zilizoandikwa kwa kibandiko cha yuniti, zikizidi kompresa inachoka na kapasita inabebeshwa mzigo wake. Ile ya zamani usiitupe kwa takataka za jikoni, ina mafuta na chuma, ipeleke WEEE Centre ama kwa wanaokusanya taka za elektroniki, ikiwa imemwagwa chaji.